Mtoro na Kivuko

Neno mtoro lilifika Kisauni kabla ya zahanati. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha makazi ya Freretown, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Kengele iliyotundikwa pale kutahadharisha watu ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni. Haukupita muda wakaanza kuja wengine ambao hakuna manowari iliyowakomboa: watumwa waliotoroka mashamba ya pwani kwa miguu yao wenyewe, wengi wao wakikimbilia misheni ya Rabai. Hao ndio walioitwa watoro. Wenye mashamba walidai warudishiwe mali yao, na fitina ilipofikia pabaya, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliona heri awalipe fidia. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Katika hesabu za wenye mashamba, kosa lilikuwa la aliyeondoka. Alichokikimbia hakikuwa na mahali pa kuandikwa.

Neno hilo sasa limo kliniki. Upande wa Tanzania, mgonjwa asiyekuja kuchukua dawa za kifua kikuu au za virusi vya ukimwi huitwa mtoro. Kenya wahudumu husema difolta, neno la benki, la mdaiwa asiyelipa. Mgonjwa wa leo si mtumwa na muuguzi si bwana shamba, na sitaki kulazimisha ulinganisho usiokuwapo. Ninachokiona kimefanana ni uandishi wa daftari: maneno yote mawili huanza na hukumu, kwamba mtu alikuwa na wajibu naye akaukimbia. Historia ya matibabu ya VVU katika vitongoji vya bara vya Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, haiungi mkono hukumu hiyo. Kwa miaka ishirini na kitu, watu wa huko wamedumu na dawa kila walipofanyiwa wepesi wa kuifikia, na wameteleza kila njia ilipokuwa ngumu. Mara nyingi aliyetoroka kwanza alikuwa mtoa huduma.

Njia yenyewe ni maji. Mji wa Mombasa umejengwa kisiwani, na hospitali yake kubwa, Coast General, iko kisiwani. Wafanyakazi wengi wa mji wanalala bara. Changamwe iliunganishwa na kisiwa kwa tuta la Makupa, na huko ndiko zilikopita reli na barabara ya malori, na baadaye kikajengwa kiwanda cha kusafisha mafuta. Kisauni ilivukwa kwa daraja la kuelea la Nyali tangu 1931, mpaka daraja la zege lilipofunguliwa 1980. Likoni haijapata daraja la kudumu la kuingia kisiwani. Ina feri, tangu 1937, na siku hizi inakadiriwa kuvusha watu wapatao 300,000 kwa siku. Mwendao kwa miguu halipi nauli. Hulipa saa. Naye huvuka akijua kwamba tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Kibarua wa bandarini anayelipwa kwa siku, akipewa tarehe ya kliniki kila mwezi upande wa pili wa maji, hupimiwa gharama ambayo haionekani popote palipoandikwa kwamba dawa ni bure.

Hata kabla dawa hazijafika, walikuwapo waliokwisha kuamua kwamba Mwafrika hatadumu nazo. Kenya iliripoti mgonjwa wake wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984. Ilipofika Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Mwaka 2001 mambo mawili yalitokea: kampuni ya Cipla ya India ilitoa bei ya dola 350 kwa mwaka kwa mseto wa dawa uliokuwa ukigharimu zaidi ya dola 10,000 katika nchi tajiri, na Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu. Mwaka huo huo, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, Andrew Natsios, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hiyo hawawezi kumeza dawa kwa wakati. Mtu wa pwani angeweza kucheka. Hapa siku hugawanywa kwa adhana tano, mvuvi hujua bamvua na maji mafu bila kalenda, na saa huhesabiwa kuanzia macheo, jambo lililowachanganya wageni zaidi kuliko lilivyowahi kuwachanganya wenyeji. Lakini madai yale yalikuwa na uzito, kwa kuwa yalitoka kwa mwenye fedha. Miaka mitano baadaye, watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja na kuchapisha katika jarida la JAMA walikuta ufuasi mzuri wa dawa kwa asilimia 77 ya wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara, na asilimia 55 Amerika ya Kaskazini. Aliyedhaniwa hajui saa alikuwa akiishika kuliko mwenye saa mkononi.

Wakati huo Mombasa yenyewe ilikuwa imeshaanza. Kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Marekani, mji huu ulifanywa mahali pa kujifunzia namna ya kutoa dawa hizo katika hospitali za kawaida za Afrika: kwanza Coast General kisiwani, kisha Port Reitz, zahanati ya Magongo na kliniki ya Bomu ya Mkomani Clinic Society. Vyote vitatu vya bara viko upande wa Changamwe, upande uliokuwa na tuta. Likoni na Kisauni walisubiri. Masharti ya kuanza yalikuwa mazito. Mgonjwa alitakiwa apite vikao kadhaa vya ushauri kabla ya kupewa kidonge cha kwanza, na katika hospitali za serikali alilipa ada mpaka ilipofutwa mwaka 2006. Hofu ya madaktari ilikuwa ya kweli: virusi vikizoea dawa za kwanza, za pili zilikuwa ghali mno. Ila tiba ya hofu hiyo waliiazima kutoka kwa kifua kikuu, na kifua kikuu kilikuwa na desturi yake.

Desturi hiyo ilikuwa ya kumsimamia mgonjwa akimeza. Afrika Mashariki ilichangia kuijenga. Majaribio yaliyoanza 1970 kati ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na madaktari wa nchi hizi yalionyesha kwamba tiba ya miezi sita yatosha badala ya mwaka mmoja na nusu. Lakini yalifanywa kwa wagonjwa waliolazwa wodini miezi yote sita, ambako hakuna wa kukosa dozi. Ulimwengu ulipochukua ule muda mfupi wa tiba, ulichukua pia ile fikra kwamba jicho la muuguzi ni sehemu ya dawa. Ndipo watafiti wa Mombasa wakauliza swali la haki: je, kwa VVU, dawa ya maisha, jicho hilo lasaidia? Wagonjwa 234 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifika kliniki mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, kumeza dozi mbele ya muuguzi na kuzungumza naye; la pili lilimeza nyumbani kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika wiki zile 24, waliosimamiwa walikosa dozi chache kuliko wenzao, hasa wale waliokuwa na sonona. Usimamizi ulipokoma, tofauti ikayeyuka. Na kiwango cha virusi katika damu hakikutofautiana sana kati ya makundi mawili, si mwanzo si mwisho.

Hapa ndipo pingamizi lililo zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu. Kama msaada wa kina namna ile haukubadili virusi, na kama faida yake iliondoka siku ulipoondoka, basi kumsaidia mgonjwa abaki kwenye tiba ni kupoteza fedha. Ashikaye atashika, na atorokaye atatoroka. Nauona utafiti ule ukisema jambo jingine. Kwanza, virusi havikutofautiana kwa kuwa wengi wa waliomeza nyumbani walikuwa wakimeza vizuri tayari. Jicho la muuguzi liliwaangalia watu ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Pili, walionufaika zaidi walikuwa na huzuni, na mwenye huzuni hahitaji mlinzi, ahitaji mtu wa kusema naye. Tatu, msaada uliofifia ulipoondolewa ni kama kivuko: feri haimfundishi mtu kutembea juu ya maji, na hakuna aliyewahi kuisuta kwa hilo. Safari mbili kwa wiki kwa mtu wa kibarua, pamoja na nauli na foleni, ni mzigo; kilichopimwa ni usimamizi uliopunguziwa thamani na mzigo wake wenyewe.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka Nairobi na Kajiado, na ulikuwa wa neno moja. Katika jaribio lililochapishwa katika The Lancet mwaka 2010, wagonjwa 538 waligawanywa. Nusu yao walipokea kila wiki ujumbe wa simu uliosema tu: Mambo? Walitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, Sawa au Shida. Aliyejibu Shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Hapakuwa na kukumbushwa dawa wala kutajwa ugonjwa, kwa hiyo hata simu ikishikwa na mwingine nyumbani hakuna siri iliyomwagika. Waliopata ujumbe walikuwa na ufuasi mzuri kwa asilimia 62, wenzao asilimia 50, na safari hii hata virusi vilipungua zaidi kwao. Kile ambacho mara mbili kwa wiki mbele ya muuguzi haikukifanya, kilifanywa na salamu, kwa sababu ilimvukia mgonjwa badala ya kumwita avuke. Utaratibu uliofuata nchini ulielekea huko huko: kuanzia miongozo ya 2016, anayeendelea vizuri aweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mkupuo, na vikundi vya wagonjwa vyaweza kumtuma mmoja wao akachukue za wote. Miaka kumi na mitatu tangu Mombasa ianze kwa kumtaka mgonjwa athibitishe uaminifu wake, mfumo ulianza kumwamini.

Lakini ukaribu si kila kitu, na hapa pwani kuna neno linaloeleza kwa nini: sitara. Mtu husitiriwa na nyumba, na mtaa, na buibui, na ulimi wa jirani unaojua pa kunyamaza. Kliniki za VVU zilijengwa pembeni, na jengo lake, na benchi lake, na jina la herufi tatu, CCC, ambalo mtaa mzima ulilifahamu upesi. Anayeingia mlango ule amejitangaza. Ndiyo maana wako wa Likoni wanaochukua dawa kisiwani na wa kisiwani wanaochukua Likoni: wananunua sitara kwa nauli. Mpanga huduma asiyelijua hili humwona mgonjwa amepita vituo viwili kwenda cha tatu akadhani ni mtu wa visirani. Dawa zenyewe za mwanzo zilivunja sitara. Stavudine, iliyokuwa kiungo cha mseto wa bei nafuu wa wakati ule, iliwafuta wengi mafuta ya mashavuni na kuwatia ganzi miguuni. Sura ilisema kilichofichwa na mdomo. Shirika la Afya Duniani liliposhauri iachwe, mwishoni mwa mwaka 2009, tayari kulikuwa na watu walioacha dawa kwa ajili ya kioo. Daftari liliwaita jina lile lile.

Wako watakaosema: na wale wanaokataa kwa hiari? Wapo. Mwaka 2011 misururu ya magari ilikwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila, na baadhi ya Wakenya waliokwenda waliacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Mombasa nayo ina makanisa ya miujiza, ina waganga, ina kombe. Sidai kwamba kila anayeacha dawa amesukumwa. Ninachosema ni kwamba hata imani hizi zina upande wa kivuko. Kikombe cha Samunge kilinywewa mara moja, kwa shilingi 500 za Tanzania, hadharani, pamoja na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, bila mtu kuulizwa anaumwa nini. Kiliahidi kukatisha safari ya kila mwezi, na kilikuwa na sitara kuliko benchi la kliniki. Hakikuwa tiba, na waliokitegemea waliumia. Ila anayetaka kuwarudisha watu wale aanze kwa kuuliza walikimbilia nini, kabla ya kuwahubiria walichokikimbia. Na takwimu zinaweka hiari mahali pake: utafiti wa kitaifa wa 2018, KENPHIA, ulikuta kwamba kati ya watu wazima waliojua hali yao na kutumia dawa, asilimia 90.6 virusi vyao vilikuwa vimefifishwa. Waliokataa ni wachache mbele ya idadi hiyo. Pengo kubwa lilikuwa kwa wasiojua hali yao.

Kundi ambalo kila mtu alikuwa tayari kulikatia tamaa ni la watumiaji wa heroini, unga kama unavyoitwa maskani za Kisauni na Likoni. Mwishoni mwa 2010 unga uliadimika ghafla pwani nzima, na arosto, yaani maumivu ya kuukosa, ikawaonyesha watu wa mitaani ukubwa wa jambo lililokuwa limefichwa. Utafiti wa serikali uliofuata ulikadiria kwamba miongoni mwa wanaojidunga nchini, asilimia 18.3 walikuwa na VVU. Serikali ilianza kutoa methadoni Nairobi, Hospitali ya Mathari, Desemba 2014. Ikaja Malindi 2015, kisha Kisauni. Methadoni hunywewa dirishani kila siku mbele ya mhudumu, yaani ule usimamizi wa zamani umerudi, na safari hii wenye sifa ya utoro ndio wanaofika kila asubuhi. Kinachowaleta ni kwamba dirisha linawapa wanachokihitaji siku hiyo, na dawa za VVU, yaani ARV, zikitolewa papo hapo zinapata kivuko cha bure. Kuna mtego mmoja wa kikemia ambao umewaharibia wengi jina: nevirapine, efavirenz na dawa ya kifua kikuu rifampicin hupunguza nguvu ya methadoni mwilini. Mgonjwa anayerudiwa na arosto katikati ya tiba huenda hajarudia unga. Dozi yake haijapandishwa. Na mtu wa Likoni, kituo kilipoanza Kisauni, alikuwa na feri na daraja la kuvuka kila siku ya Mungu.

Sasa tuhesabu utoro wa upande wa pili. Kuanzia Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100. Wauguzi wakagoma kuanzia Juni mpaka Novemba 2017. Madai yao mengi yalikuwa ya haki, lakini milango ilifungwa. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga virungu na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni kurudi makwao kabla ya saa moja jioni; kisha kuanzia Aprili mpaka Julai mwaka huo haikuruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa. Kisa kinachopita vyote ni cha mwaka 2021. Shehena ya dawa za ARV iliyotolewa na Marekani ilifika bandarini Mombasa mwezi Januari ikakwama kwa miezi, huku serikali mbili zikivutana juu ya ushuru na juu ya nani azisambaze. Kliniki nchini zikaanza kupima: aliyezoea kupewa za miezi mitatu akapewa za mwezi au pungufu. Makreni ya bandari ile yanaonekana kutoka Changamwe na kutoka foleni ya feri Likoni. Daftari la wagonjwa lina mahali pa kuandika siku ambayo mtu hakufika. Siku ambayo dawa hazikufika huandikwa kwenye kadi ya stoo, chumba kingine, na maandishi hayo mawili ni nadra kusomwa pamoja.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ingawa dawa zenyewe baadaye ziliruhusiwa kuendelea, wengi waliolipwa kwa fedha hizo, washauri, wafuatiliaji na wagonjwa waliofunzwa kuwasindikiza wenzao, waliambiwa wakae nyumbani. Wizara ya Afya ikaelekeza huduma za VVU zichanganywe na za wagonjwa wengine wa nje. Kwa upande wa sitara hili ni jambo ambalo lingefaa kufanywa miaka mingi nyuma: mlango wa herufi tatu unaondoka, na anayeketi benchi moja na mwenye mafua hajulikani. Ila yule aliyekuwa akipiga simu mtu asipofika, akijua huyu ana zamu ya usiku bandarini na yule hataki kupigiwa mumewe akiwa karibu, hakuandikwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa kaunti. Kwenye benchi la pamoja, mgonjwa wa Mtongwe akikosa tarehe yake, jina lake litaendelea kuandikwa kwa kalamu ile ile. Wa kuuliza kama ni yeye aliyekosa au ni feri, hajaajiriwa bado.